Mwanangu hatulii darasani, ila nyumbani anatulia saa nzima kwenye gari lake la waya

"Shikamoo mtaalamu. Nina mtoto wa kiume, ametimiza miaka 7 mwezi wa nne. Chekechea na darasa la kwanza alisoma kwa Kiswahili hapa mtaani na walimu walimsifu. Januari tulimhamishia shule ya mchepuo wa Kiingereza, akaingia darasa la pili. Alianza shule mapema, kwa hiyo wenzake wengi wamemzidi karibu mwaka mzima. Tangu hapo naitwa shuleni kila mara. Mwalimu anasema hatulii, anachezea penseli, anaangalia dirishani, akipewa maagizo anafanya la kwanza tu. Wameniambia huenda ana ADHD, yaani hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuzingatia. Kinachonichanganya ni kwamba nyumbani mtoto huyohuyo anakaa saa nzima anaunda gari la waya na vifuniko vya chupa, na hadithi aliyosimuliwa na babu yake mwaka jana anaisimulia bila kuruka hata jina. Ila nikimtuma dukani vitu vitatu, anarudi na kimoja. Baba yake anasema ni utundu, dawa yake fimbo. Wifi yangu anasema katuni za kwenye simu ndizo zimemharibu. Rafiki yangu anasema ninunue dawa ya maji ya kuongeza akili, na kuna michezo ya simu ya kukuza umakini. Mwalimu ametushauri tuache kuongea Kiswahili nyumbani. Akiwa na miaka 3 alilazwa kwa malaria iliyompanda kichwani, akapata degedege, akapona. Sikio la kushoto lilikuwa likimtoka usaha, siku hizi naona limekauka. Basi la shule linampitia saa 11 na nusu alfajiri, kwa hiyo namwamsha saa 11. Usiku analala saa 4 akimaliza kazi za shule, sebuleni TV ikiwa inaendelea. Nianzie wapi? Na je, nimrudishe shule ya Kiswahili?"

Marahaba, mama. Barua yako imenipa mengi kuliko ninayoyapata kwa wazazi wengi walioketi mbele yangu, kwa sababu umeeleza mtoto anafanya nini darasani na pia anafanya nini pale ambapo hakuna anayemlalamikia. Sehemu kubwa ya jibu imo humo.

Ninavyokuelewa, unaogopa kwamba umakini ni kitu ambacho mtoto huzaliwa nacho kwa kipimo fulani, kwamba wenzake wamepata cha kutosha na wako amepunjwa. Shule inaamini hivyo. Baba yake anaamini hivyo ila anatumia lugha ya fimbo, na wifi yako anaamini hivyo ila lawama anaipeleka kwenye simu. Wote wanaona umakini unatangulia, kisha masomo yanafuata. Makuzi ya binadamu hayaendi kwa mstari huo. Ni kweli mtoto hujifunza kile anachokizingatia. Lakini anachoweza kukizingatia huamuliwa kwa kiasi kikubwa na kile alichokwisha kukijua. Viwili hivi huleana tangu siku za kwanza za maisha, na kimoja kikikwama ni lazima umchunguze na mwenzake.

Panda gari moja na fundi gereji mzoefu. Wote wawili mna masikio mazima. Yeye baada ya kilomita moja atakwambia beringi ya gurudumu la mbele inaanza kuisha. Wewe ulisikia gari linanguruma tu. Hakuna aliyezaliwa na masikio ya kusikia beringi. Kazi ndiyo iliyoyafundisha masikio yake yaelekee wapi na yapuuze nini, na kwa kuwa sasa yanajua pa kuelekea, kila safari inamwongezea ujuzi ambao wewe huupati ukiwa kwenye kiti cha jirani.

Kwa watoto jambo hili limepimwa vizuri sana. Mtoto aliyezaliwa leo hugeuza macho kufuata mchoro unaofanana na uso kuliko mchoro wenye vipande hivyohivyo vilivyovurugwa. Hicho ni kianzio alichopewa bure, na mengine anayapata kwa kutazama na kusikiliza. Mwaka 1996 Jenny Saffran na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwasikilizisha watoto wa miezi 8 mfululizo wa silabi zisizo na maana, bila kituo, kwa dakika 2 tu. Watoto wale walitambua ni silabi zipi huandamana na zipi zimekutana kwa bahati. Mwaka 2012 Celeste Kidd na wenzake, katika chuo hichohicho, waliwaonyesha watoto wa miezi 7 na 8 matukio yaliyotofautiana kwa ugumu wa kuyatabiri. Watoto waligeuza uso haraka kwenye matukio mepesi mno, na wakageuza uso haraka vilevile kwenye yale yasiyotabirika kabisa. Walidumu na yale ya katikati, ambayo wanayajua kiasi na bado yana jambo la kuwapa. Kwa mtoto mchanga hakuna anayeita hilo ugonjwa. Ubongo unautumia muda wake vizuri: pasipo na cha kuvuna unahama.

Utafiti ninaowasimulia wazazi mara nyingi zaidi ni ule wa Linda Smith na wenzake wa Chuo Kikuu cha Indiana, uliochapishwa mwaka 2002. Waliwachukua watoto wa miezi 17, umri ambao mtoto bado hajagundua kwamba jina la kitu kama kikombe au kijiko hufuata umbo kuliko rangi. Mara moja kwa wiki, kwa wiki 7, walicheza nao kwa vitu vya kubuni: viwili viwili vya umbo moja, vyenye rangi tofauti, vimetengenezwa kwa malighafi tofauti, vikiitwa jina moja. Mwishoni watoto walikuwa wanaangalia umbo hata kwa vitu ambavyo hawajawahi kuviona. Kilichonivutia zaidi kilitokea nje ya maabara. Huko majumbani kwao, majina ya vitu waliyoyajua yaliongezeka kwa kasi kuliko ya watoto ambao hawakupitia mchezo ule. Hakuna aliyewaambia "kuwa makini". Walipewa majina machache yaliyopangwa vizuri, majina yakawaonyesha pa kutazama, na kutazama kukawaletea majina mengine.

Kuna na utafiti ulio karibu zaidi na dawati la mwanao. Daniel Anderson na wenzake katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, mwaka 1981, waliwaonyesha watoto wa kati ya miaka 2 na 5 kipindi maarufu cha televisheni cha watoto. Vipande vingine viliachwa kama vilivyo. Vingine sauti yake iligeuzwa kinyumenyume, na vingine wahusika wakawekewa maneno ya Kigiriki. Picha zilikuwa za aina ileile, rangi zilezile, vikaragosi vilevile. Maneno yalipoacha kueleweka, macho ya watoto yalihama kwenye skrini. Wengi wetu tulidhani televisheni humshika mtoto kwa mwanga na mwendo wake. Kumbe kwa kiasi kikubwa humshika kwa sababu anaelewa. Kundi hilohilo la watafiti liliwahi kuonyesha, mwaka 1979, jambo jingine la kufikirisha: watoto wa miaka 5 waliotazama kipindi wakiwa na vitu vya kuchezea waliangalia skrini karibu asilimia 44 ya muda, na wasio na vitu vya kuchezea asilimia 87. Walipoulizwa maswali, makundi yote mawili yalikuwa yameelewa sawasawa. Wale waliokuwa wakicheza walijua, kwa kusikiliza, ni wakati gani wa kuinua macho. Kwa hiyo penseli inayozungushwa mkononi haitoshi kutuambia kwamba mtoto hasikilizi.

Sasa mrudishe mwanao kwenye dawati lake la darasa la pili. Mwalimu anasema kwa Kiingereza, kwa mkupuo mmoja: toa daftari la hesabu, fungua ukurasa mpya, andika tarehe, nakili maswali matatu ya kwanza. Mwenzake aliyekulia kwenye lugha hiyo anasikia mambo manne. Mwanao anasikia sauti ndefu ambayo kwanza lazima aikate vipande, atambue neno "daftari", akisie lililofuata, na wakati bado anakisia jambo la kwanza, mengine matatu yamekwisha kupita. Sehemu ya akili inayoshikilia maneno kwa sekunde chache ili yafanyiwe kazi ni ndogo kwa kila binadamu, na kwa mtoto wa miaka 7 ni ndogo zaidi. Ikijazwa na kazi ya kutambua maneno, haibaki nafasi ya kushika maana. Anafanya alilolipata, la kwanza, kisha anatazama dirishani, ambako mambo yanaeleweka.

Hapo pia ndipo fumbo la duka linapofumbuka. Gari la waya halimtaki akumbuke chochote: liko mbele yake, gurudumu lisilo na kifuniko lenyewe linamwambia kinachofuata. Hadithi ya babu nayo ina mnyororo, tukio moja linavuta jingine. Lakini chumvi, kiberiti na vitunguu havina kinachoviunganisha, na njiani kuna wenzake wanacheza mpira. Watoto wengi wa umri wake hupoteza vitu vya dukani hivyohivyo. Mwambie avitaje kwa sauti mbele yako kabla hajatoka mlangoni, kisha avirudie kwa wimbo njia nzima, kama tulivyofanya sisi tukitumwa.

Naomba pia tumtendee haki mtoto kwa jambo ambalo watu wazima hatulioni. Mwaka 2017 Daniel Plebanek na Vladimir Sloutsky wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio waliwaonyesha watoto wa miaka 4 na 5, pamoja na watu wazima, maumbo mawili yaliyolaliana, jekundu na kijani, wakawaambia wazingatie moja tu. Kwenye umbo waliloagizwa, watu wazima walishinda. Kwenye umbo ambalo hawakuagizwa, watoto walitambua mabadiliko kwa asilimia 77 na watu wazima 63. Umakini wa mtoto mdogo umetawanyika, na kutawanyika huko kuna kazi yake: yeye bado hajui ni kipi duniani kitamfaa, hivyo anakusanya kote. Kubana umakini mahali pamoja ni ujuzi unaokua polepole hadi ujanani. Nchini Guatemala, Barbara Rogoff na Maricela Correa-Chávez waliwatazama watoto wa Kimaya wakisubiri huku ndugu zao wakifundishwa kutengeneza kitu cha kuchezea. Wale wa familia zinazofuata zaidi desturi za kijijini walifuatilia kwa macho somo lisilo lao kuliko watoto wa Kimarekani wenye asili ya Ulaya, na baada ya wiki moja walihitaji msaada mdogo walipotakiwa kukitengeneza wenyewe. Kule mtoto hulelewa akijifunza kwa kutazama kazi za wakubwa. Ukimwona wako amesimama kwa fundi baiskeli dakika arobaini haongei, ujue anasoma.

Je, haya yote yana maana kwamba hana ADHD? Hapana, na hapa nataka niwe mkweli kwako. Hali hiyo ipo, inawapata takriban watoto 5 kati ya 100 duniani, hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na haisababishwi na malezi mabaya. Tena mtoto mwenye ADHD naye anaweza kuzama saa nzima kwenye jambo analolipenda, kwa hiyo gari la waya peke yake halimwondoi kwenye orodha. Madaktari wanaofuata DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya afya ya akili, hutaka kuona dalili zisizopungua 6 za kutokuwa makini, au 6 za utundu uliokithiri, zimedumu miezi 6 au zaidi, zimeanza kabla ya miaka 12, zinaonekana katika mazingira mawili au zaidi, na zinamharibia mtoto maisha yake. Kinachonifanya nisikubaliane haraka na shule ni tarehe. Mtoto aliyesifiwa na walimu hadi Desemba, akabadilika Januari wiki aliyobadilishiwa lugha, darasa na saa ya kuamka, anatuambia tuanze na vilivyobadilika.

Umri wake nao una uzito. Marekani, katika majimbo ambako mtoto lazima awe ametimiza miaka 5 kufikia Septemba 1 ndipo aanze shule, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba watoto waliozaliwa Agosti, yaani wadogo kabisa darasani, walikuwa wamepewa jina la ADHD kwa asilimia 34 zaidi ya waliozaliwa Septemba. Ugonjwa haujui mwezi wa kuzaliwa. Walichofanya watu wazima ni kumpima mtoto wa miaka 6 kwa kipimo cha mtoto wa miaka 7. Mwanao amezidiwa karibu mwaka mzima na wenzake. Mtajie mwalimu umri wake kwa upole, maana mwenye watoto wengi darasani anaweza asiukumbuke.

Uliuliza uanzie wapi. Anza na usingizi, wiki hii hii. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri ni saa 7. Mtoto wa umri wake anahitaji saa 9 hadi 12. Mtu mzima asipolala husinzia. Mtoto asipolala mara nyingi huchangamka kupita kiasi, anakuwa mkali, hatulii kwenye kiti, na mwalimu anaona utundu mtupu. Usingizi pia ndio wakati ambao ubongo huimarisha alichojifunza mchana, kwa hiyo unapomkatia saa 2 ili amalize kazi za shule, unaivunja kazi hiyohiyo aliyoikesha. Alale saa 2 usiku, au saa 2 na nusu ikishindikana sana. Kazi ambazo hazijaisha kufikia hapo, ziandikie barua fupi kwa mwalimu. Hili lina gharama kwenu wazazi, najua, hasa kama baba anarudi usiku na anataka kumwona mtoto. Lakini sijaona ushauri mwingine wowote unaolipa haraka kama huu.

La pili ni sikio. Sikio lililokuwa likitoa usaha likakauka si lazima liwe limepona. Ngoma yake inaweza kuwa bado ina tundu, au kuna maji nyuma yake yanayofifisha sauti leo na kuiachia kesho. Mtoto wa namna hiyo husikia vizuri akiwa karibu nawe jikoni, akashindwa kwenye darasa lenye kelele, na katika lugha ngeni ndipo anapotea kabisa kwa sababu hawezi kukisia sauti asizozisikia. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, apimwe kusikia masikio yote mawili, na siku hiyohiyo aonwe macho. Omba na kipimo cha wingi wa damu: upungufu wa madini ya chuma hupunguza umakini na ni wa kawaida kwa watoto wetu. Hapo pia nimekujibu kuhusu dawa ya maji. Kama damu imepungua, daktari atakupa dawa ya kuongeza madini ya chuma kwa kipimo sahihi. Kama haijapungua, chupa ile haitamwongezea kitu, na pesa hiyo mnunulie samaki na vitabu vya hadithi.

La tatu ni ile malaria. Mjulishe daktari kama alipoteza fahamu kwa saa nyingi, au alipata degedege fupi wakati wa homa kisha akaamka. Degedege fupi mara nyingi halimwachii mtoto athari. Kupoteza fahamu kwa saa nyingi ndiko kwa kufuatilia. Watafiti waliowafuatilia watoto waliotibiwa malaria ya ubongo Kampala walikuta kwamba miaka 2 baadaye karibu asilimia 26 walikuwa na upungufu wa uwezo wa kufikiri, ikilinganishwa na chini ya asilimia 8 kwa watoto wa maeneo yaleyale ambao hawakuugua, na eneo lililoguswa zaidi lilikuwa umakini. Jambo hili nalitaja ili lisisahaulike hospitalini. Mtoto wako alimaliza darasa la kwanza akisifiwa, na hiyo ni habari njema inayopunguza wasiwasi wangu.

Sasa nizungumze na baba, kama atakubali kusoma. Fimbo itamkalisha mtoto kitini, hilo sikatai. Lakini mtoto anayeogopa huelekeza umakini wake wote kwenye kile anachokiogopa: uso wa mwalimu, mkono wake, hatua zake. Kinachobaki kwa ajili ya hesabu ni kidogo kuliko mwanzo. Tena atajifunza kitu, kwa sababu ubongo wa mtoto haukosi kujifunza: atajifunza kuficha kwamba hajaelewa. Hapo mtampoteza kwa miaka, maana mwanafunzi anayejifanya ameelewa hakuna anayemsaidia.

Wifi yako ana hoja nusu. Katuni hazijamla akili mwanao. Simu ninaiogopa kwa kile inachokifukuza: usingizi, mazungumzo, michezo ya uwanjani. Ningehangaika zaidi na ile TV ya sebuleni. Mwaka 2008 watafiti wa Massachusetts walionyesha kwamba TV ya watu wazima ikiwa imewashwa chumbani, watoto wa mwaka 1 hadi 3 hucheza na kitu kimoja kwa muda mfupi zaidi, hata kama skrini wanaitupia jicho mara chache tu. Izimeni anapofanya kazi za shule. Na shuleni omba akae mbele, sikio zima likielekea kwa mwalimu, mbali na dirisha na mbali na ukuta uliojaa mabango. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kiliwahi kuwafundisha watoto 24 wa chekechea katika chumba kile kile, mara kikiwa kimepambwa sana, mara kikiwa na kuta tupu. Kwenye kuta tupu walipata wastani wa asilimia 55 kwenye maswali, kwenye mapambo asilimia 42. Mabango tunayabandika kwa upendo, lakini kwa mtoto ambaye somo limemshinda, ndiyo mahali pa kukimbilia.

Michezo ya simu ya kukuza umakini itamfanya awe hodari wa michezo hiyo. Uhodari huo hauhami kwenda kwenye kusoma na hesabu. Hilo limechunguzwa mara nyingi na matokeo yamekuwa ya kukatisha tamaa. Kombolela, rede, bao na babu yake, vyote vinamtaka ashike kanuni kichwani na ajizuie kusogea kabla ya wakati wake. Navipenda kwa hiyo, na kwa kuwa anacheza na watu. Usivitegemee vimpandishe nafasi darasani.

Ushauri wa kuacha Kiswahili nyumbani ndio ninaoupinga kwa nguvu kuliko yote. Mwalimu ana nia njema, lakini ushauri huu unaondoa kitu pekee ambacho mtoto anacho cha kushikia somo jipya. Fanyeni kinyume chake. Muulize mwalimu Ijumaa wiki ijayo watasoma nini. Kama ni sehemu za mmea, Jumapili nenda naye bustanini mng'oe mchicha, mtaje mzizi, shina, jani, mwongee kwa Kiswahili jani linafanya kazi gani, kisha mpe maneno matano tu ya Kiingereza ya vitu hivyohivyo. Jumatatu maneno yale yatakapotajwa, masikio yake yatanyanyuka, kwa sababu sasa yana pa kutua. Hiki ndicho alichokifanya Linda Smith kwa vitu vyake vya kubuni. Mtoto anayejua mmea unakunywa maji kwa mizizi anahitaji jina tu. Asiyejua anahitaji jina na maarifa kwa pamoja, katika lugha asiyoielewa.

Kuhusu kumrudisha shule ya Kiswahili, sioni aibu yoyote katika kurudi, na sioni haja ya kukimbilia. Jim Cummins, aliyechunguza watoto wahamiaji nchini Kanada, alionyesha kwamba mtoto huweza kuongea lugha mpya na wenzake ndani ya miaka kama 2, lakini kuifikia lugha ya masomo sawa na wazawa wake humchukua miaka 5 hadi 7. Kwa hiyo kama mnabaki, mbaki mkijua ni safari ndefu na kwamba darasa la pili halitakuwa kipimo chake. Kubaki kunafaa iwapo mwalimu yuko tayari kutoa agizo moja moja, kuandika hatua ubaoni, na kumruhusu mtoto aulize kwa Kiswahili. Zungumzeni pia uwezekano wa kumshusha darasa la kwanza hapohapo, awe na watoto wa rika lake; kwa aliyeanza mapema si kurudia, ni kurejea kwenye umri wake. Lakini kama shule ina adhabu kwa anayeongea Kiswahili, au mtoto ameanza kulia asubuhi na kuumwa tumbo kila Jumatatu, mrudisheni. Atajifunza kusoma na kufikiri vizuri kwa lugha anayoielewa, na Kiingereza atakikuta kama somo akiwa na pa kukiwekea.

Jipeni wiki 8 hadi 10 za usingizi wa kutosha, sikio lililotibiwa na maandalizi ya Jumapili. Katika muda huo mtazame kwenye mahali pa tatu, ambapo anafundishwa kwa Kiswahili na jambo si la kumfurahisha sana: madrasa au shule ya Jumapili, kwa mfano. Akitulia huko kama wenzake wa umri wake, tatizo lina sura ya darasa lile. Akiwa hatulii na huko, anakatiza kila mtu, anapoteza kila kitu, hawezi kumaliza hata kuoga bila kusimamiwa, basi usingoje. Omba rufaa kwa daktari wa watoto au kliniki ya afya ya akili ya watoto katika hospitali ya rufaa ya mkoa wako. Uchunguzi wa kweli wa ADHD hauna kipimo cha damu wala picha ya kichwa. Ni mazungumzo marefu na wewe, na mwalimu, na mtoto mwenyewe, na matibabu yake yapo.

Kuna mambo ambayo hayasubiri wiki 8. Ukiona anaganda ghafla katikati ya sentensi, macho yamekodoa kwa sekunde kadhaa, hasikii akiitwa wala kuguswa, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea, hiyo inaweza kuwa aina ya kifafa na ina dawa. Mrekodi kwa simu ukiweza na umpeleke wiki hiyohiyo. Vivyo hivyo akianza kusahau mambo aliyokuwa akiyaweza, akilalamika kichwa kila asubuhi, sikio likianza kutoa usaha tena, au akikoroma usiku na kukata pumzi. Siku utakayokwenda, beba kadi yake ya kliniki, karatasi za kulazwa za mwaka ule wa malaria, na madaftari mawili: la mwaka jana la Kiswahili na la mwaka huu. Daktari ayaone yote mawili.